Besi Isimeze Maneno: Kazi ya Ekwalaiza katika Muziki wa Mbeya na Iringa

Sauti ni mtetemo wa hewa, na idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo huitwa masafa na kupimwa kwa hezi, ndiyo inayoifanya iwe nene au nyembamba. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Ekwalaiza ni kifaa, au programu ya kompyuta, kinachoongeza au kupunguza nguvu ya sehemu moja ya masafa hayo huku nyingine zikiachwa zilivyo.

Katika kwaya za Kimoraviani za Mbeya na za Kilutheri za Iringa, ambazo sauti zake nne husindikizwa na kinanda na gitaa la besi, uzito wa kazi ya fundi mitambo uko kati ya hezi 200 na 500, kwa sababu hapo waimbaji na vyombo hukutana kwa wingi, na wakilundikana wimbo huvuma bila maneno kusikika. Konsonanti kama s na sh, zinazoyapa maneno ukali wake, hubebwa zaidi na masafa ya juu ya hezi 2,000. Hata hivyo wengi hukimbilia kuongeza besi, ilhali kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti, kila 3 zinazoongezwa hudai nguvu maradufu kutoka kwenye amplifaya, na desibeli 10 hudai mara kumi, hadi amplifaya inapozidiwa na spika kuanza kukwaruza. Kupunguza kinachofunika ni bora kuliko kuongeza kilichofunikwa.

Ukumbi nao una sehemu yake: mpangilio uliopendeza wakati wa mazoezi, kanisa likiwa tupu, hubadilika waumini wanapojaa, hasa katika baridi ya Juni na Julai, kwa kuwa masweta na makoti hunyonya sauti nyembamba kuliko besi.

Anayestahili uangalifu mkubwa kuliko wote ni mpigaji wa ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, ambayo mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliirekodi mwaka 1950 bila kuichanganya na gitaa wala kinanda cha umeme. Studio inayotaka kuichanganya na vyombo hivyo haina budi kupunguza masafa ya kati ya kinanda, kuliachia gitaa besi yake, na kuacha wazi masafa ya juu, ambako mdonoo wa kidole kwenye uzi husikika.