Simunul, kisiwa cha nguzo nne

Ufilipino ikitajwa, wengi wetu hukumbuka Hispania na makanisa. Si ajabu, kwani mwaka 2021 nchi ile iliadhimisha miaka 500 ya Ukristo. Lakini kusini kabisa, mkoani Tawi-Tawi, karibu na Sabah ya Malaysia, ipo manispaa ndogo ya kisiwani iitwayo Simunul, ambayo kumbukumbu zake zaanzia nyuma zaidi.

Wenyeji wake, Wasama, husimulia kuwa Sheikh Karimul Makhdum alifika hapo mwaka 1380 na kujenga msikiti Tubig Indangan, miaka 141 kabla ya Magellan. Hatuushikilii mwaka huo kwa meno. Umekadiriwa kutokana na nasaba ziitwazo tarsila, nao wanahistoria wamebishana juu yake. Hata Makhdum ni lakabu, maana yake "anayehudumiwa", kutoka mzizi uleule uliotupa neno "huduma", na yumkini walioitwa hivyo walikuwa zaidi ya mmoja.

Jengo la kale liliteketea wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jipya likasimamishwa palepale, na ndani yake zimehifadhiwa nguzo nne za mti mgumu zinazohesabiwa kuwa za msikiti wa kwanza.

Kisiwa hicho kina kumbukumbu nyingine, nayo ni chungu. Mwaka 1967 wanajeshi wa serikali ya Marcos walipiga kambi Simunul, wakawafunza kwa siri vijana Waislamu wa Tawi-Tawi na Sulu, kwa nia ya kuwapenyeza Sabah. Vijana hawakuelezwa yote. Baadaye walihamishiwa Corregidor, kisiwa kilicho mlangoni mwa ghuba ya Manila. Huko walilalamikia posho zao, na mnamo Machi 1968 baadhi yao wakapigwa risasi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo, wala hakuna afisa aliyetiwa hatiani. Hasira ya mauaji hayo ni miongoni mwa mambo yaliyozaa vita vya Wamoro miaka ya 1970. Mkataba mkuu wa amani ulitiwa saini mwaka 2014, na mwaka 2019 Tawi-Tawi ikaingia katika jimbo jipya lenye mamlaka ya ndani, Bangsamoro.

Mwaka 2013 bunge la nchi hiyo yenye Wakatoliki wengi liliutangaza kwa sheria msikiti wa Simunul kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mwaka huohuo Rais Benigno Aquino III alikwenda Corregidor kuwakumbuka vijana wale. Ilikuwa imepita miaka 45, na hakuna rais aliyemtangulia kufanya hivyo.