Uwanja Safi, Mtoto Mwenye Afya

Leo tunazungumzia ule uwanja ulio mbele ya mlango wako, pale maji machafu yanaposimama, taka zinapotupwa, na watoto wetu wanapocheza.

Twende Dandora, mashariki mwa Nairobi. Mtaa huu ulianza kujengwa miaka ya 1970. Katika sehemu zake za kwanza, nyumba zilizunguka viwanja vya pamoja. Baadaye viwanja vingi vikajaa taka, kwa kuwa hakuna aliyeviona kuwa vyake.

Karibu na mtaa huo kuna jaa kubwa la taka za jiji. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha hatari. Mama, risasi hudhuru ubongo wa mtoto na kumfanya awe mzito wa kujifunza. Humwingia kupitia vumbi na mikono michafu anayoitia mdomoni, na mara nyingi haionyeshi dalili mapema.

Kuanzia miaka ya 2010, vijana na wakazi wa Dandora waliamua kuvifufua viwanja vyao. Walizoa taka, wakazibua mitaro, wakapanda nyasi, miti na maua, na kupamba kuta kwa rangi na michoro. Vikundi vilishindana kuona uwanja wa nani unapendeza zaidi. Jaa kubwa halikuondoka kwa kazi hiyo, lakini mlangoni pa nyumba pakabadilika.

Je, hii inahusu nini afya? Nyasi hufunika udongo, vumbi likapungua. Maji yasiposimama, mbu hukosa pa kutagia. Mtoto naye hupata pa kukimbilia. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 4 achangamshe mwili kwa muda usiopungua saa 3 kila siku. Atafanyaje hivyo akifungiwa chumbani?

Mkitaka kuanza katika ploti yenu, fuateni hatua hizi:

1. Kutaneni majirani wote, wenye nyumba na wapangaji. Mjulisheni chifu au mzee wa mtaa, na mhakikishe uwanja si wa mtu binafsi.

2. Zoeni taka mkiwa mmevaa glavu na viatu vilivyofunika miguu. Watoto wakae mbali, maana huenda kuna vioo na sindano. Msichome plastiki, kwani moshi wake ni sumu.

3. Zibueni mtaro kabla ya kupanda chochote.

4. Mkipamba kwa magurudumu ya gari, yatobolewe na kujazwa udongo hadi juu. Gurudumu tupu hushika maji ya mvua na kuzaa mbu.

5. Palipokuwa na jaa au gereji, msipande mboga ardhini. Pandeni sukuma wiki kwenye gunia lenye udongo safi kutoka kwingine.

6. Nunueni rangi isiyo na risasi.

7. Pangeni zamu ya kufagia na kumwagilia, kila nyumba na siku yake. Bila zamu, taka zitarudi.

Hata uwanja ukishapendeza, mnawishe mtoto mikono kwa sabuni na maji kabla ya kula. Ukiwa na wasiwasi kwamba amekuwa karibu na risasi, mpeleke kituo cha afya na uulize kuhusu kipimo cha damu.

Mama, jioni hii piga hodi kwa jirani yako mmoja tu, mpange siku ya kuanza.