Basi Lilipomngoja Mtoto
Na Bwana Shamba wa Kata

Safari ya mtu mmoja ni nyepesi. Anavaa viatu, anachukua mfuko, anaondoka. Safari ya familia ni nzito. Baba yuko tayari, lakini mama bado anamnyonyesha mtoto. Mama akiwa tayari, bibi anatafuta fimbo yake. Bibi akiipata, mtoto mwingine anataka kwenda chooni. Kila mtu amechelewa kidogo tu, lakini ukijumlisha, familia nzima imechelewa sana.

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya jambo hili. Tuzungumze pia juu ya watu wema wanaotusaidia njiani, ambao hata majina yao hatuyajui.

MIGUU YA MTOTO

Katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, kuna familia moja ninayoitembelea katika kazi yangu. Mtoto wao mchanga alizaliwa na miguu iliyopinda kwa ndani. Wataalamu wanaiita miguu kifundo. Ugonjwa huu haukuletwa na laana wala uchawi, na unatibika. Mganga huinyoosha miguu kidogo kidogo kwa mikono, kisha huifunga plasta ngumu. Plasta hiyo hubadilishwa kila wiki. Kwa kawaida mtoto hufungwa plasta mara 5 au 6, na wengine huhitaji zaidi. Baadaye huvaa viatu maalumu ili miguu isirudi kupinda.

Matibabu haya yakianza mapema, mtoto atatembea na kucheza kama wenzake. Lakini siku ya kubadilisha plasta isipitwe. Mtoto mchanga hukua haraka. Plasta ikikaa kupita muda wake, inaweza kumbana au kumchubua, na kazi iliyofanyika inaweza kurudi nyuma.

Siku ya plasta ya tatu, baba, mama, bibi na watoto wawili walijiandaa kwenda mjini. Basi hupita barabara kuu saa 12:30 asubuhi. Kutoka nyumbani kwao hadi barabarani ni kilomita 6. Walipanga kuondoka saa 10 alfajiri.

Saa 10 ilipofika, kadi ya kliniki haikuonekana. Nepi za mtoto zilikuwa bado mbichi. Mbuzi alikuwa amekata kamba. Waliondoka saa 10:45, njia ikiwa na utelezi wa mvua.

WATU WASIO NA MAJINA

Nusu ya njia walikutana na kijana anayesukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Alikuwa anawahi soko.

"Shikamoo bibi," alisema. "Mbona mnahema hivyo?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Tunawahi basi. Mtoto anakwenda kubadilishwa plasta."

Kijana alimtazama mtoto. Akasema, "Njooni polepole, msije mkaanguka naye. Mimi nitatangulia kuwaambia."

Kijana alifika barabarani kabla ya basi. Akamweleza mama mmoja anayeuza maandazi pale kituoni, kisha akaendelea na safari yake. Basi lilipofika, mama huyo aliacha kikaango chake akamfuata kondakta.

"Mwanangu, kuna bibi na mtoto mchanga wako njiani. Wasubiri."

"Mama, abiria wana haraka," kondakta alijibu.

Hapo mzee mmoja ndani ya basi alisema, "Dereva, tusubiri kidogo. Leo ni wao, kesho ni sisi."

Baadhi walinung'unika, lakini basi lilingoja. Baada ya dakika 10 familia ilifika. Msichana mmoja alimpisha bibi kiti. Mwingine alimpakata yule mtoto mkubwa. Walifika kliniki kwa wakati, na mtoto akafungwa plasta ya tatu.

Baba wa mtoto alipotaka kumshukuru yule kijana wa ndizi, hakumpata. Hata leo hawajui jina lake. Wahenga walisema: Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

WEMA UNA GHARAMA

Sasa tufanye hesabu. Tuseme basi lilikuwa na abiria 40. Kila mmoja alingoja dakika 10. Mara 40 ni dakika 400. Hizo ni saa 6 na dakika 40. Ni muda wa kulima kutoka asubuhi mpaka mchana.

Huenda mmoja wa abiria hao alikuwa na mgonjwa hospitali. Mwingine huenda alikuwa anawahi mazishi. Wote walitoa muda wao bila malipo.

Kwa hiyo wema wa watu ni kama akiba ya chakula ghalani. Akiba ni ya siku ya njaa. Ukiila wakati wa mavuno kwa uvivu, siku ya shida utakuta ghala tupu. Anayechelewa kila siku atawachosha watu. Siku atakayopata shida ya kweli, wataona ni mazoea yake.

TUJIANDAE HIVI

1. Fanya hesabu kwa kurudi nyuma. Basi linapita saa 12:30. Njia ni kilomita 6. Mtu mzima hutembea kilomita 5 hivi kwa saa moja. Lakini ukiwa na bibi, watoto na mizigo, hesabu kilomita 3 kwa saa. Basi mtatembea saa 2. Ongeza nusu saa kwa ajili ya matope na mapumziko. Ondokeni saa 10. Amkeni saa 9.

2. Maliza kazi jioni. Nguo, kadi ya kliniki, nauli, tochi na maji ya kunywa viwekwe mahali pamoja kabla ya kulala. Mfunge mbuzi vizuri. Mwombe jirani atazame nyumba.

3. Gawa kazi. Baba asikae nje akiita, "Haraka!" Amvishe mtoto mmoja.

4. Soma saa vizuri. Kadi ya familia hii iliandikwa 09:00. Hiyo siyo saa tisa. Ni saa 3 asubuhi. Kadi, tiketi na simu nyingi huandika saa namna hiyo. Kwa saa za mchana, kama namba inazidi 6, toa 6. Kwa mfano, 09:00 ni saa 3, na 14:00 ni saa 8. Tiketi ikiandikwa 06:30, basi linaondoka saa 12:30 asubuhi.

5. Mkichelewa, semeni mapema. Mpigie simu kondakta kama una namba yake, au mtume mtu atangulie. Msivuke barabara mbio na watoto. Msimhimize dereva akimbize gari. Kawia ufike.

6. Pokea msaada kwa busara. Sema ukweli wa shida yako. Mtu usiyemjua anaweza kukubebea mfuko, lakini mtoto asiende mahali usipomwona.

ZAMU YETU ITAFIKA

Ndugu msomaji, siku moja wewe utakuwa ndani ya basi, umekaa vizuri karibu na dirisha. Nje utaona mama anakimbia, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Usiulize ni wa kabila gani au anatoka kijiji gani. Mwambie dereva asubiri. Mpokee mzigo. Msogezee kiti.

Tujiandae mapema ili tusiwacheleweshe wenzetu. Na wenzetu wakichelewa kwa shida, tuwangoje. Wema hauozi.