Je, Wajua? Nani Anayesema "Piny Owacho"

Je, wajua kwamba Kisumu iliwahi kuwa Uganda? Reli kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Victoria Desemba 1901, kituo chake cha mwisho, Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, kilikuwa ndani ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza wakasogeza mpaka, na watu wa Ghuba ya Winam wakajikuta chini ya serikali nyingine bila kuhamisha hata kigoda.

Ndiyo sababu nikisikia watu wakibishana kama haki imesimama kwa miguu yake au humfuata mwenye nguvu, mawazo yangu hunipeleka kwenye maneno mawili ya Kidholuo: piny owacho. Piny ni nchi, ni dunia, na pia ni serikali. Owacho ni "imesema". Amri za wakoloni, iwe ya kodi au ya kazi ya lazima, zilitangazwa kwa maneno hayo. Nchi imesema, basi. Hakuna wa kuulizwa.

Kufikia 1920 kodi ya kibanda ilikuwa imepanda hadi shilingi 16. Wanaume walilazimishwa kutembea na kipande, yaani cheti cha utambulisho, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Mwaka huohuo nchi ikageuzwa kuwa koloni, na hofu ya kunyang'anywa ardhi ikatanda. Tarehe 23 Desemba 1921 umati ukakutana Lundha, Gem. Waliouongoza walikuwa walimu na vijana waliosomea misheni, Jonathan Okwiri akiwa mwenyekiti wa chama kipya, Young Kavirondo Association. Walitaka kipande kifutwe, kodi ipunguzwe na ardhi iwe na hati. Na harakati yao waliiitaje? Piny Owacho. Maneno yaleyale ya kutolea amri, sasa yakitoka kwenye vinywa vya walioamriwa.

Hapo ndipo ninapopapenda katika historia ya ziwa hili. Kama haki ingekuwa tu kauli ya mwenye bunduki, watu wa Lundha wasingekuwa na pa kusimama. Walijua kuna kipimo ambacho hata gavana hupimwa nacho, wakakitaja hadharani. Mwaka 1922 Gavana Northey alikuja kuwasikiliza Nyahera, na mwaka huo kodi ikashuka hadi shilingi 12. Koloni, hata hivyo, ilibaki koloni.

Je, wajua kwamba swali hilohilo la nani mwenye kauli lilimfikisha mwanafalsafa kizimbani kama shahidi katika kesi ya mazishi? Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu aliyepigania uhuru, alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mluo huzikwa kwao, Nyalgunga, Siaya. Miongoni mwa walioieleza mahakama kuhusu mila, upande wa ukoo, alikuwa mwanafalsafa huyo, Profesa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Siaya. Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kuonyesha kwamba wazee wenye hekima vijijini huipima mila kwa akili zao, hawaikariri tu. Tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Otieno akazikwa zaidi ya siku 150 baada ya kufa. Mjane hakuhudhuria.

Sidhani mila ilikosea kumtaka mtu wake arudi nyumbani. Kinachoniuma ni kwamba mke wa ndoa ya miaka zaidi ya 20 hakuhesabiwa kuwa sehemu ya "nyumbani" huko. Leo kifungu cha 2(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinabatilisha sheria yoyote, hata ya mila, inayokinzana na Katiba.

Na ufuoni mwa ziwa hilohilo, nani anayesema? Alfajiri wanawake husubiri na makarai, boti zikirudi. Samaki wakipungua, mwenye boti ndiye huchagua nani auziwe, na baadhi ya wavuvi hudai mwili wa mchuuzi kabla ya pesa zake. Mpango huo huitwa jaboya. Umesambaza virusi vya ukimwi, na kwa muda mrefu aliyesemwa vibaya kijijini alikuwa mwanamke.

Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, walianza kupata boti zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili, wakawaajiri wanaume kuvua. Mvuvi alikuwa yuleyule, na ziwa lilikuwa lilelile. Lakini boti ikigusa mchanga, mwenye boti alikuwa yule mama mwenye karai, na samaki aliwagawa yeye.

Kisha mvua za 2020 zikalipandisha ziwa, maji yakaingia kijijini na familia zikahama. Wanawake wale bado walikuwa na makarai. Boti ndizo zilizokuwa zimebaki chache.