Uchakavu wa Kununuliwa Dukani

Katika kumbi za mihadhara siku hizi, hakuna vazi linaloishinda suruali ya jinzi kwa wingi. Hata hivyo, ni shida kuipata jinzi iliyochakazwa na mwenyewe. Mapaja yamepauka, magoti yamekwaruzwa, na nyuma ya goti pana mikunjo myeupe, ilhali suruali yenyewe ilinunuliwa juzi. Uchakavu huo ulitengenezwa kiwandani, ukatiwa bei, ukauzwa kama pambo. Nimekusudia leo kuitetea jinzi ya namna nyingine, ambayo nitaiita jinzi mbichi.

Hii ni ile iliyoshonwa kwa kitambaa ambacho hakijaoshwa wala kupaukishwa tangu kitoke mtamboni. Huwa ngumu kama ubao, na buluu yake imekoza ikakaribia weusi. Katika kitambaa hicho, nyuzi za mtande hutiwa nili na za mshindio huachwa nyeupe. Nayo nili ina ukaidi wake: haipenyi hadi kiini cha uzi, bali hung'ang'ania juujuu tu. Kwa hivyo kila panaposuguliwa, rangi hubanduka na weupe wa ndani ukachungulia. Mwenye kuweka pochi katika mfuko wa nyuma ataona mraba wake umejichora pale. Mwenye kuketi kutwa atapata mistari mapajani. Baada ya mwaka mmoja, suruali mbili zilizotoka katika jora moja hazifanani tena.

Mwanaisimu hakosi kuyatazama majina. Jinzi ni jina lililotokana na mji wa Genoa, kama vile merikani ya bibi zetu ilivyochukua jina la Marekani ilikotoka. Mnamo tarehe 20 Mei 1873, Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno huko Nevada, pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss, walipewa hataza ya kutia ribiti za shaba kwenye mifuko ili isiraruke. Wateja wao walikuwa watu wa sulubu. Wangalishangaa kusikia kwamba ipo siku watu watalipia matundu!

Kicheko kinakoma tunapouliza uchakavu huo hupatikanaje. Kwa miaka mingi, njia mojawapo ilikuwa kuipuliza suruali kwa mchanga unaorushwa kwa nguvu ya hewa. Vumbi la mchanga huo likivutwa hukaa mapafuni na kuleta silikosisi, maradhi yasiyo na tiba. Nchini Uturuki vijana wengi waliofanya kazi hiyo waliugua, na baadhi yao walikufa. Serikali ya huko iliipiga marufuku mwaka 2009, na mwaka 2010 kampuni za Levi Strauss na H&M zikatangaza kuiacha. Leo viwanda vingi hutumia miale ya leza, na hayo ni maendeleo. Lakini swali langu lipo palepale: kijana mwenye magoti yake mwenyewe ana haja gani ya kumlipa mtu ayapaushe kwa niaba yake?

Yamkini msomaji atauliza kuhusu usafi, kwa kuwa wapenzi wa jinzi mbichi husifika kwa kutozifua. Mwaka 2011 iliripotiwa kwamba mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, alikuwa amevaa yake miezi 15 bila kuifua. Ilipopimwa, bakteria zake zilikaribiana na za suruali hiyohiyo iliyovaliwa siku 13 baada ya kufuliwa. Nayakubali matokeo, ila siukubali mwenendo. Anayesongamana na wenzake katika matatu saa ya jioni ana wajibu kwa pua ya jirani. Ifuliwe inapochafuka, lakini ifuliwe kwa adabu: igeuzwe ndani nje, itiwe katika maji baridi yenye sabuni kidogo, isisuguliwe kwa brashi, isikamuliwe kwa kusokotwa, kisha ianikwe kivulini. Ni vyema kumweleza mapema dada anayekufulia, maana brashi na jua la adhuhuri vitaimaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja. Katika wiki za mwanzo, jihadhari pia na makochi meupe ya wenyeji wako.

Wengi wetu, bila shaka, tutaendelea kununua mitumba, na siwalaumu. Jinzi ya Gikomba mara nyingine hubeba uchakavu wa haki, ijapokuwa ni wa mtu usiyemjua. Mnunuzi na achunguze: mpauko wa kuvaliwa huwa haulingani kushoto na kulia, na huishia polepole, ule wa kiwandani hukaa sawasawa katika miguu yote miwili, na ukifungua suruali nyingine ya aina hiyohiyo, utaukuta palepale.