Mvuvi wa Rukwa Afikapo Karema

Mkoa wa Katavi, wenye makao yake Mpanda, hugusa maziwa mawili yasiyofanana. Ziwa Rukwa lina kina cha mita chache tu. Upepo hulikoroga mpaka chini, na maji yake ni ya tope na magadi. Ziwa Tanganyika, upande wa magharibi, hufikia kina cha mita 1,470 hivi. Je, mvuvi wa magege na kambare atokaye Rukwa, akifika Karema na siku mbili tu za kujaribu kabla ya kutoa akiba yake kwa nyavu na mafuta, atafute nini kwanza?

Atafute oksijeni. Katika Tanganyika hewa hiyo hukoma kwenye kina cha mita 100 hadi 200 hivi; chini ya hapo maji ni tele, samaki hakuna. Kwa mvuvi, sehemu kubwa ya ziwa hili ni jangwa.

Kisha afuate chakula. Usiku vijidudu vieleavyo majini hupanda juu, dagaa huvifuata, na migebuka huwafuata dagaa. Ndiyo maana huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hupungukiwa nguvu ya kuvuta. Mgeni aliyefika mwezi ukiwa mpevu asiharakishe kuzilaumu nyavu zake.

Kati ya Mei na Septemba kusi husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda upande wa kusini. Jambo hilo halionekani kwa siku mbili. Hana budi kuwauliza wavuvi wa Karema na Ikola kabla ya kununua hata lita moja ya mafuta.