Mkazo na Mgeuko: Istilahi Mbili Zisizopaswa Kuchanganywa

Utangulizi

Fundi anapoinua ndoo ya zege kwa kamba hadi orofa ya pili, watazamaji husema kwamba kamba imekazika. Kauli hiyo yatosha katika mazungumzo ya kila siku. Kwa mwanafunzi wa mekanika, hata hivyo, imebeba mambo mawili kwa mpigo: kani iliyomo ndani ya kamba na urefu ulioongezeka kwa sababu ya kani hiyo. Makala hii inakusudia kubainisha tofauti baina ya mambo hayo, na kuonyesha kwa nini mwandishi wa sayansi kwa Kiswahili hana budi kuyapa majina mawili. Jambo la kwanza litaitwa mkazo, na la pili mgeuko.

Maana ya Mkazo

Mwanaisimu akisikia neno mkazo huwaza shadda, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi. Katika mekanika, mkazo ni kiasi cha kani ya ndani kinachobebwa na kila sehemu ya eneo la kitu. Hupatikana kwa kugawanya kani kwa eneo la mkato, yaani uso unaoonekana kitu kikikatwa kikingama.

Chukua mzigo wa kilo 10 ulioning'inizwa kwenye waya wa feleji ambao mkato wake ni milimita mraba 1. Uzito wa mzigo huo ni takriban nyutoni 100, basi mkazo ni nyutoni 100 kwa kila milimita mraba. Mzigo uo huo ukining'inizwa kwenye waya wenye mkato wa milimita mraba 2, mkazo hupungua kwa nusu. Mzigo haukubadilika, kilichobadilika ni eneo linaloubeba. Ndiyo maana kamba nyembamba hukatika pale ambapo kamba nene hustahimili, na ndiyo maana kamba hukatikia pabovu: nyuzi zilizolika hupunguza eneo, nao mkazo huzidi mahali hapo.

Maana ya Mgeuko

Mgeuko ni kipimo cha jinsi umbo la kitu lilivyobadilika kwa kulinganishwa na lilivyokuwa awali. Kwa waya unaovutwa, hupatikana kwa kugawanya urefu ulioongezeka kwa urefu wa mwanzo. Waya wa mita 2 ukirefuka kwa milimita 1, mgeuko wake ni 0.0005. Waya wa mita 4 ukirefuka kwa milimita 2, mgeuko ni huo huo. Kwa kuwa urefu umegawanywa kwa urefu, mgeuko hauna kizio, ilhali mkazo hupimwa kwa paskali, kizio kinachotumika pia kupimia shinikizo.

Sarufi yenyewe inasaidia hapa. Nomino mgeuko hutokana na kitenzi geuka, ambacho hueleza hali inayokipata kitu. Geuza ni tendo. Geuka ni yaliyompata mtendwa. Anayelisikia neno hilo anaelekezwa moja kwa moja kwenye umbo la kitu, wala si kwenye kani.

Uhusiano Wao

Mwaka 1678 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni kwamba springi hurefuka kwa kiasi kinacholingana na kani inayoivuta. Hooke alizungumzia springi nzima, wala si mata iliyoitengeneza. Mwaka 1807 Thomas Young alichapisha mihadhara yake iliyoeleza kipimo ambacho hadi leo kina jina lake, yaani moduli ya Young. Kwa maelezo ya sasa, moduli hiyo ni mkazo uliogawanywa kwa mgeuko. Moduli ya feleji ni takriban paskali bilioni 200, na ya alumini ni takriban bilioni 70. Kwa hiyo waya wa alumini wenye vipimo sawa na ule wa feleji, ukibeba mzigo ule ule, utakuwa na mkazo ule ule lakini mgeuko wa karibu mara tatu.

Ulinganifu huu una mpaka. Mkazo ukizidi kiwango fulani, feleji hairudii urefu wake wa awali mzigo unapoondolewa. Vitu vingine, kama chaki, havina fursa hiyo ya kupinda, huvunjika ghafla. Wahenga waliosema samaki mkunje angali mbichi waliijua tofauti baina ya kinachokubali mgeuko na kinachoukataa.

Kimoja Bila Kingine

Huenda msomaji akadhani kwamba mkazo na mgeuko hufuatana daima. Sivyo. Reli ya feleji yenye urefu wa mita 100, ikipata joto la nyuzi 30 zaidi huku ikiwa huru, hurefuka kwa takriban sentimita 3.6. Ina mgeuko, lakini haina mkazo. Reli hiyo hiyo ikibanwa pande zote mbili isiweze kurefuka, urefu wake hubaki ule ule, ilhali ndani yake huzuka mkazo wa takriban paskali milioni 72, unaoweza kuipinda. Kwa sababu hiyo reli za zamani ziliachiwa nafasi ndogo kwenye maungio.

Nguzo ya jengo yatoa mfano mwingine. Zege na nondo zilizoshikamana ndani yake hufupika pamoja, hivyo mgeuko wao ni mmoja. Hata hivyo, kwa kuwa moduli ya feleji ni kubwa kuliko ya zege kwa takriban mara saba, nondo hubeba mkazo mkubwa zaidi kwa kiasi hicho. Anayetumia neno moja kwa mambo yote mawili hawezi kuueleza ukweli huu.

Hitimisho

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili hakifai kufundishia sayansi kwa kuwa maneno yake hayajapambanuliwa. Historia yawajibu. Mfaransa Cauchy aliifafanua dhana ya mkazo kihisabati mwaka 1822, lakini maneno ya Kiingereza stress na strain yaliendelea kuchanganywa hadi miaka ya 1850, mhandisi wa Uskoti, Rankine, alipoyatenga rasmi. Takriban miaka 170 ilikuwa imepita tangu Hooke. Kiingereza hakikuzaliwa na istilahi hizo. Zilitengwa kwa makusudi na watu waliozihitaji.

Uhitaji huo haujaisha. Nondo ya kipenyo cha milimita 12 inayovutwa ikibadilishwa kwa ya milimita 10, mzigo ukiwa ule ule, mkazo huongezeka kwa asilimia 44, ingawa kwa macho nondo hizo hazitofautiani sana. Fundi aliyesomea kazi yake kwa Kiswahili anastahili kuelezwa jambo hilo kwa Kiswahili kisicho na utata. Mkazo ni mzigo ambao kila sehemu ya eneo imeubeba. Mgeuko ni alama ambayo mzigo umeiacha katika umbo.